Tunachanga pesa za kilio, lakini mgonjwa anayeondoka anabaki na nani?

MamaAksanti_Nguba (mwanzisha uzi)

Wapendwa, kuna mtu ameuliza humu kama ni kweli kule Ulaya na Marekani mtu anaweza kulipwa ili akae na mgonjwa anayekaribia kufa. Ni kweli kabisa. Marekani kuna mpaka mashirika yanayowafundisha, moja linaitwa INELDA, lilianza 2015. Watu hao hawachomi sindano wala hawaandiki dawa. Wanamsikiliza mgonjwa, wanamsaidia kusema nani aitwe, deni gani lilipwe, azikwe wapi, karatasi gani isainiwe wakati mkono bado una nguvu. Akishaondoka wanabaki na familia kwa muda.

Mimi ni mwuguzi, nazunguka nyumba za watu hapa Bukavu, Kongo, zaidi mitaa ya Ibanda na Kadutu. Nawaambia ninachokiona. Mtu akifa saa nne asubuhi, saa kumi jioni bashi, lile turubai la kilio, imeshafungwa juu ya parseli, yaani kiwanja cha nyumba, viti vya kukodi vimefika, daftari la michango liko mezani na mtu wa kuaminika ameshika kalamu. Watu wa shirika la kanisani wanakuja kuimba, kina mama wamewasha moto nyuma ya nyumba. Kwa hilo hatuna wa kutufundisha.

Lakini rudi nyuma wiki mbili tu. Daktari amesema "mrudisheni nyumbani", basi. Hakusema nini kitafuata, hakusema maumivu yakija usiku wafanye nini. Mke yuko peke yake chumbani, simu ya kuuliza hali inalia, wa kuja kukaa hayupo. Watu wale wale watakaojaza bashi hawajui kwamba siku hizo ndizo wangehitajika zaidi.

Hoja yangu ni moja. Sehemu ya pesa ya kilio itoke kabla ya kifo, na imlipe mtu anayejua kazi hiyo. Nipingeni.

Mutoto_wa_Kadutu

Mama Aksanti, heshima yako iko, lakini mi nakataa. Bazungu banalipa mtu juu hakuna mwenye anabaki ku nyumba. Mutoto iko mbali, jirani hata jina hamujui. Siye tuko na bashangazi, bajomba, batoto, bajirani. Sasa mtu atoke inje, nimulipe, ashike mukono ya baba yangu na mimi niko? Aibu gani hiyo?

MamaAksanti_Nguba

Mwanangu, sijasema akushikie mkono wa baba. Nasema akuonyeshe wewe namna ya kuushika.

Kitu nakiona nyumba nyingi ni hiki. Mgonjwa ameacha kula. Binti anampenda, anapika uji, anamkalisha kwa nguvu, anamwingizia kijiko mdomoni, huku shangazi anasema "ukimwacha bila kula utakuwa umemuua". Uji unapita njia ya hewa. Mzee anakohoa usiku kucha, kifua kinajaa, homa inapanda. Ni mapendo, na yanamtesa. Mwili unaojifunga hauombi tena chakula, na kiu yenyewe inapungua. Mnachoweza kumfanyia ni kuchovya kipande cha pamba ndani ya maji safi na kumlowanisha midomo na ulimi, na kumpaka mafuta kidogo ili midomo isipasuke. Mgeuzeni upande kila saa mbili hivi, wekeni mto katikati ya magoti, muangalie visigino na mgongo wa chini maana ndipo vidonda vinapoanzia.

Na pumzi. Siku za mwisho pumzi hukimbia, halafu inasimama kabisa, mnadhani kwisha, halafu inarudi. Koo linakoroma. Miguu inakuwa baridi na ngozi inaonyesha madoa ya zambarau. Nyumba ambayo haijaambiwa haya mapema hupiga kelele, inakodi taksi usiku, mzee anafia njiani kwenye mashimo. Nyumba iliyoambiwa inaita watoto, wanakaa, wanaomba, wanamsemesha. Msemesheni tu hata kama hajibu, kusikia kunaweza kubaki hata macho yakishafumba.

Nani aliwafundisha kina shangazi hayo? Zamani bibi alikuwa anajua, alikuwa ameona wengi wakifia nyumbani. Siku hizi wengi hufia hospitali, na bibi yuko Walungu.

Papa_Bahati

Mama, asante kwa maelezo. Swali langu ni la maumivu. Mdogo wangu alikuwa na kansa, alilia mpaka jirani wakahama chumba cha upande ule. Tulipouliza morfini, mtu mmoja wa hospitali akatuambia morfini ni dawa ya kumaliza mtu, mkimpa atalala moja kwa moja. Tukaogopa. Alikufa na paracetamol mkononi.

Infi_Bagira

Pole sana papa Bahati. Wacha niingilie, mama Aksanti atanisahihisha.

Morfini ya kunywa, ikianzwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa polepole, haiui mgonjwa wa namna hiyo. Inampa nafasi ya kulala na kuzungumza. Hutolewa kwa saa, kila baada ya saa nne kwa ile ya maji. Usingoje alie kwanza, kwa sababu maumivu yakishapanda juu yanahitaji dawa nyingi zaidi kushuka. Inafunga choo, hilo ni hakika, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huenda pamoja nayo tangu siku ya kwanza. Hofu ya kwamba mgonjwa atakuwa mlevi wa dawa, kwa mtu mwenye kansa iliyofika mwisho, haina nafasi.

Ujuzi huu si mpya. Cicely Saunders, ambaye alianza kama mwuguzi, akawa mfanyakazi wa jamii, halafu akasomea udaktari, alifungua St Christopher's Hospice huko London mwaka 1967, na kutoa dawa kwa saa ndiyo ilikuwa moja ya misingi yake. Yeye ndiye aliyesisitiza kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya roho, ya moyo na ya kijamii kwa pamoja. Mtu anaweza kupewa dawa yote akaendelea kulia, kwa sababu anawaza ada ya shule ya mtoto.

Msiseme hayo ni ya London. Kampala, Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Wananunua morfini ya unga, wanaichanganya na maji, bei ni ndogo. Tangu 2004 Uganda inaruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuandika morfini wenyewe, bila kungoja daktari. Na ng'ambo ya Ruzizi hapa, Rwanda ilipitisha sera yake ya kitaifa ya huduma hizi mwaka 2011. Unavuka daraja kwa miguu. Kwetu kuipata kwa mgonjwa aliyelala nyumbani ni vita.

Papa_Bahati

Kumbe. Nimesoma, nimenyamaza. Asante.

Mushi_wa_Liège

Niko Ubelgiji, nafanya kazi ya usaidizi wa wazee nyumbani. Mutoto wa Kadutu anasema kweli kwa sehemu. Huku wengi hatuwaiti wasindikizaji, hao wanaolipwa kukaa na anayekufa, kwa sababu ya ujuzi tu, tunawaita waje kwa sababu hakuna mtu mwingine. Nimemfungulia mlango mwuguzi kwa mzee ambaye watoto wake wote wako hai na wote wana gari.

Ila kuna jambo moja la huku ambalo ningependa lije Bukavu kesho asubuhi. Tangu sheria ya haki za mgonjwa ya 2002, mtu anaweza kuandika mapema matibabu anayokataa, na karatasi hiyo inaheshimiwa hata akiwa hawezi tena kusema. Na sheria nyingine ya mwaka huohuo inampa kila mgonjwa haki ya huduma ya kutuliza mwisho wa maisha. Kwetu nani anaamua? Yule mwenye sauti kubwa, au yule aliyetuma dola kutoka nje. Mimi mwenyewe ni wa kundi la pili, najua tunavyopiga simu na kuagiza "mpelekeni hospitali nyingine" bila kujua mgonjwa anataka nini.

Mutoto_wa_Kadutu

Dada wa Liège, hapo umesema. Ile "mupeleke hospitali ingine" ilikulaka parseli ya mujomba yangu yote. Alikufa hivyo hivyo, na maiti ikabakizwa mu morgue juu ya fakitire, ile bili ya hospitali.

MamaAksanti_Nguba

Hilo la fakitire tunalijua wote na sitataja hospitali. Familia inauza shamba kulipia chumba cha mtu ambaye daktari anajua hatapona, halafu inachanga tena kuukomboa mwili. Kama mtu mmoja angekaa na familia hiyo mapema, akawaambia kwa upole na ukweli, pesa ile ingesomesha watoto. Maître, mwanasheria wetu, uko humu? Njoo useme ya karatasi.

Me_Kasha

Nipo mama. Nitaongea marefu, mnisamehe, maana ugomvi mwingi ninaoubeba kwenye mafaili ungemalizwa na mzee mwenyewe kwa jioni moja.

Sheria yetu ni Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa 15 Julai 2016. Wosia unaweza kuufanya mbele ya notari au ofisa wa hali ya raia, yaani bourgmestre, mkuu wa komine (manispaa) yako. Unaweza pia kuuandika mwenyewe nyumbani, bila kumlipa mtu, lakini uwe wote kwa mkono wako, na tarehe, na sahihi. Nasisitiza wote. Nimeletewa wosia mzuri uliochapwa kwenye kompyuta ya mtoto, baba akasaini chini. Huo si wosia wa mkono. Nimeletewa ulioandikwa na kifungua mimba kwa sababu baba alikuwa anatetemeka. Nao pia si wosia wa mkono. Ndiyo maana mama Aksanti anasema wakati mkono bado una nguvu. Kuna na wosia wa mdomo, kwa mtu anayeona kifo kiko karibu, mbele ya mashahidi watu wazima wasiopungua wawili, lakini mambo unayoweza kuyapanga ni machache. Usiutegemee kwa parseli.

Asipoacha wosia? Tuseme baba na mama walinunua parseli wakiwa ndani ya ndoa, na leo ina thamani ya dola 24,000. Kama hawakuchagua mpango mwingine wa mali siku ya ndoa, walichokichuma pamoja ni cha wote wawili. Kwa hiyo dola 12,000 ni za mama, na hazirithiwi na mtu, yeye yuko hai. Zinazogawanywa ni 12,000 za baba. Robo tatu, yaani 9,000, ni za watoto, pamoja na mtoto wa nje ambaye baba alimtambua angali hai. Robo inayobaki inakatwa mafungu matatu: 1,000 kwa mjane, 1,000 kwa wazazi wa marehemu, 1,000 kwa ndugu zake. Angalieni vizuri hesabu hiyo. Ndugu za marehemu wote pamoja wana 1,000 ndani ya parseli ya 24,000, na ndio wanaokuja na kufuli.

Zaidi ya hapo, mjane ana haki ya kuendelea kukaa na kuitumia nyumba waliyokuwa wanaishi na mumewe pamoja na vyombo vyake. Na anayesimamia ugawaji, kama hakuna wosia, ni mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wengine, au yule warithi watakayemteua kama huyo amekataa. Baba mdogo hachukui nafasi hiyo kwa kuwa tu ndiye aliyeongoza baraza la jamaa.

Na parseli bila "certificat d'enregistrement", yaani hati ya usajili wa ardhi, bado ina shimo. Tangu sheria ya ardhi ya 1973, hati hiyo ndiyo inayothibitisha haki. Fishi, ile karatasi ya parseli inayotolewa na komine, peke yake haitoshi.

Furaha_mujane

Maître, Mungu akubariki. Mi niko mujane, nasema vile nilionaka. Bashemeji bakishaingia mu nyumba, hata kijiko hakibakie. Batakuuliza karatasi kabla hata hauyatoka ku makaburi. Bwana yangu alikuwaka na pesa ku simu, ile namba ya siri hakuna mwenye alijua. Leo tena ndio mbaya kabisa, tangu benki zifunge hapa mu Februari 2025, kila mutu pesa yake iko ku simu. Simu ikikufa na mwenye, kwisha.

Mi nashauri farde, ile jalada ya kuweka karatasi. Weka ndani yake actes (vyeti) za kuzaliwa za batoto, acte ya ndoa, karatasi ya parseli, namba ya CNSS, ile mufuko ya pensheni, kama bwana alikuwaka na kazi, na mutu mwenye anakuwiya deni na mwenye wewe unamuwiya. Kopi moja isilale mu nyumba yako. Peleka kwa mama mwenye unaamini, asikuwe wa upande wa bwana.

MamaAksanti_Nguba

Pole mama Furaha, na nakubali yote. CNSS msiisahau, kuna pensheni ya waliobaki na wajane wengi hawaiulizi. Namba ya siri usiiandike kwenye farde, iweke kwenye bahasha tofauti.

APS_Dieudonne

Habari wakubwa. Mimi ni assistant psychosocial (APS), msaidizi wa watu kwa mambo ya moyo na jamii. Mmesema ya kabla, niseme ya baada, kwa sababu hapo ndipo nafanya kazi.

Siku za kilio mtu halii peke yake, na hiyo ni dawa kweli, sitaidharau. Shida huanza bashi ikishafunguliwa. Mwezi wa pili, wa tatu, watu wanamwambia "jikaze, Mungu ametoa Mungu ametwaa". Sipingi maneno ya Mungu, napinga yanapotumika kumfunga mtu mdomo.

Wengi wenu mmesikia hatua tano: kukataa, hasira, kubembeleza, huzuni, kukubali. Kuna wanaozifundisha kama ngazi, ukiruka moja wewe mgonjwa. Elisabeth Kübler-Ross, daktari mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Chicago, alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa wanaokufa. Hakuzitoa kwa wafiwa. Mfiwa asubuhi anaweza kucheka sokoni, jioni akaangalia sahani ya tano mezani akashindwa kupika. Ni kawaida hiyo. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya magonjwa ICD-11, linataka ipite angalau miezi sita, na zaidi ya ilivyo desturi ya jamii ya mtu, ndipo huzuni nzito isiyompa mtu nafasi ya kuishi ianze kuhesabiwa kuwa ni ugonjwa. Kwa hiyo msimkimbize mjane wa mwezi mmoja kwa daktari wa kichwa, wala kwa mchungaji wa kufukuza mapepo.

Watoto nao. Tafadhali msiwaambie "mama ameenda safari". Mtoto atamngoja. Au siku baba akisema anasafiri kwenda Uvira, mtoto atapiga kelele na hamtaelewa kwa nini. Mwambieni mama amekufa, mwili wake haupumui tena, hatarudi, na si kosa lako. Hilo la mwisho mlirudie.

Na wale wanaodhani mazishi ni kazi ya koleo tu wakumbuke Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyofika mpaka Mwenga kwetu. Wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Mwanzoni watu waliovaa nguo za plastiki walichukua maiti na kwenda, familia zikarusha mawe. Mambo yalianza kutulia pale jamaa waliporuhusiwa kuona uso kwa mbali, kuchagua nguo, kusali. Aliyekaa na familia kuwaeleza kila hatua alifanya kazi ileile tunayoizungumza hapa.

Papa_Bahati

Sasa turudi kwa hoja ya mama. Nani atalipa? Sisi AVEC yetu, kikundi cha kuweka na kukopa, ina kisanduku cha jamii, mtu akifiwa anapewa. Nikisimama Jumamosi kusema tumpe mtu pesa kabla mgonjwa wake hajafa, watasema ninamwita kifo. Wazee watatoka nje.

Mutoto_wa_Kadutu

Batasema ulimuloga kabisa 😂

MamaAksanti_Nguba

Usiseme "kabla hajafa". Sema "pesa ya mgonjwa aliyerudishwa nyumbani". Kisanduku kikitoa kwa ugonjwa, hakuna atakayeshtuka, na AVEC nyingi tayari zinatoa kwa ugonjwa. Ndani ya pesa hiyo mnalipa ziara za mwuguzi, dawa za maumivu kama zinapatikana, na nauli ya kwenda komine. Kilichobaki kiende kwenye kilio. Bashi inaweza kuwa ndogo, na wali unaweza kupikwa bila nyama mbili.

Na mimi sitaki iwe biashara ya watu wenye suti, maana nimeshaona matangazo ya "mipango ya mazishi" yanayouza jeneza tu. Namtaka mwuguzi wa mtaa, APS kama Dieudonne, mama wa shirika anayejua kunyamaza. Walipwe usafiri na muda wao. Leo wanafanya bure, na wanachoka, na wakichoka hakuna anayewafariji wao.

Mushi_wa_Liège

Na sisi wa nje tukiambiwa mapema tutume kwa hiyo, tutatuma. Mara nyingi mnatuambia mtu akishakufa.

Nyota_Panzi

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote kimya. Baba yangu yuko nyumbani, ini, daktari amesema hakuna cha kuongeza. Bado anaongea vizuri asubuhi. Yeye na mama walioana kimila, ng'ombe zilitolewa, lakini hawakwenda komine. Parseli iko kwa jina la baba. Nifanye nini kwanza?

Me_Kasha

Binti yangu, pole. Kwanza ndoa, kwa sababu bila hiyo mama atahangaika kuthibitisha kwamba ni mke. Sheria inasema ndoa ya familia, yaani ya kimila kama yao, iandikishwe ndani ya mwezi mmoja, lakini kuchelewa kusiwafanye mkae nyumbani. Nenda komine kesho asubuhi uulize mnachotakiwa kuleta, mwende na shahidi wa upande wa baba na shahidi wa upande wa mama, ikiwezekana walioona ng'ombe hizo. Baba akishindwa kutembea, sheria inamruhusu kutuma mwakilishi, umuulize ofisa anataka barua ya namna gani.

Halafu wosia. Asubuhi akiwa na nguvu mpe kalamu na karatasi, aandike mwenyewe, hata mistari sita. Usimshikie mkono.

MamaAksanti_Nguba

Nyota, na maumivu yake yakoje usiku? Niandikie pembeni uniambie anakunywa dawa gani na saa ngapi. Niko maeneo hayo Alhamisi.

Nyota_Panzi

Analalamika kuanzia saa saba ya usiku mpaka alfajiri. Nakuandikia sasa hivi mama. Na mama yangu anauliza, mashahidi wakiwa ni ndugu wa baba waliokula hizo ng'ombe na leo wanakataa kuja, itakuwaje?

Me_Kasha

Tafuta jirani au kiongozi wa shirika aliyekuwepo siku hiyo, mtu mzima mwenye kitambulisho. Umuulize ofisa kama anamkubali shahidi asiye ndugu.